Mtazama Madirisha

Mjini Haddenshaw kila mtu alijua kwamba Neville Ackroyd, uzeeni mwake, ameanza kupenda nguo za ndani za kike. Hakuna aliyelisema mbele yake, maana alikuwa mtu wa heshima, dereva wa basi aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi aliwapeleka nusu ya watu wa mji ule shuleni na kuwarudisha makwao. Lakini waliona. Kila Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya duka la Bi Pickersgill, katikati ya Mtaa wa Kanisa, akizikodolea macho sidiria zilizovishwa sanamu zisizo na vichwa. Hakuwa mtu anayepita na kutupa jicho. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama anayesoma tangazo la kazi, kisha baada ya muda akashusha pumzi na kwenda zake.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Bi Pickersgill alichoka. Alitoka mlangoni, mikono kaifumbata kifuani.

"Neville, ingia ndani basi. Unanifukuzia wateja."

"Aa, napita tu, Bi Pickersgill."

"Anayepita hupita. Wewe umeota mizizi. Wasichana wangu wanaona haya kupanga dirisha. Unamtafutia mkeo Lorna zawadi, au yapo mambo mengine?"

Watu waliokuwa kwenye kituo cha basi waligeuka. Neville alihisi masikio yanamwaka moto. Angeondoka papo hapo kama miguu ingemruhusu, lakini misuli yake ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ya kuelekea ndani, ambako angalau palikuwa na kiti.

"Zawadi," alisema. "Zawadi ya Lorna."

Akaketi. Akaashiria kilichokuwa karibu na mkono wake, chupi nyeusi ya lesi, pauni ishirini na mbili. Saizi hakuitazama. Bi Pickersgill, ambaye alikuwa akimpima Lorna sidiria tangu wote wawili wakiwa wasichana, aliinyanyua ile chupi kwa vidole viwili.

"Una hakika ni saizi hii?"

"Hiyo hiyo."

Akaifunga katika karatasi laini.

Ukweli ni kwamba Neville hakuwa akitazama kitu chochote. Mishipa ya damu ya miguu yake ilikuwa imeziba. Daktari alimwambia mwaka juzi, naye akaitikia na kwenda nyumbani kunywa chai. Akitembea umbali kama wa kutoka mlangoni kwake hadi kwenye sanduku la posta, damu haifiki, na misuli inaungua kana kwamba imebanwa na koleo la moto. Akisimama, moto unapoa, naye anaruzukiwa umbali mwingine kama ule. Na kwa kuwa mtu mzima hawezi kusimama tu njiani kama nguzo ya taa, Neville alijitafutia sababu za kusimama. Hakuzichagua yeye, zilichaguliwa na miguu. Mara ya kwanza miguu ilikufa mbele ya duka la mazishi, mara ya pili mbele ya duka la Bi Pickersgill. Kijana wa duka la mazishi, mwenye sauti ya huruma, alikwisha kumpa kijitabu cha bei na kumnong'oneza kwamba jeneza laweza kulipiwa kidogo kidogo.

Lorna aliikuta ile chupi Jumapili, katika mfuko wa koti la mumewe, alipokuwa akitafuta funguo za gari. Lorna alikuwa mama wa umbo kubwa na sauti kubwa, aliyepika katika shule ya msingi mpaka macho yalipoanza kumwangusha. Kila mwezi alidungwa sindano ya jicho katika kliniki ya mjini, na bila sindano hizo, waliambiwa, giza lingeingia moja kwa moja. Kwa hiyo ilimbidi aipeleke chupi dirishani, aigeuze mbele na nyuma, ndipo akawa na uhakika wa alichokishika.

"Neville!"

"Naam."

"Hii ni nini?"

Neville aliteremsha gazeti. "Chupi."

"Naona ni chupi. Macho yangu ni mabovu, hayajafa. Ni ya nani?"

"Yako."

"Yangu? Hii haivuki hata goti! Miaka yote tumelala kitanda kimoja, hujui upana wangu?"

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema kweli. Neville akafikiri. Aliziweka aibu mbili kwenye mizani, ya mzee mzinzi na ya mzee asiyeweza kutembea, na aliona kwamba mzinzi walau ni mtu mwenye nguvu zake. Lorna alimwona akifikiri.

"Unafikiria? Swali kama hili nalo unalifikiria?"

"Lorna, ngoja..."

"Ni nani? Ni yule wa maktaba?"

"Hakuna mtu wa maktaba."

"Na siku ile uliyoniacha kwenye benchi la kliniki? Mvua inanyesha, jicho limefungwa, wewe unasema unakwenda kuleta gari. Nikakaa pale nikaloa kama mbwa wa mtaani. Ulikwenda kwa nani?"

"Nilikuwa natazama majeneza."

Lorna akakaa. Jibu hili hakulitarajia.

"Unataka kufa?"

"Sitaki kufa. Nilitaka kufika kwenye gari."

Ndipo akamweleza yote: daktari, mishipa, moto wa misuli, madirisha. Lorna alilia kidogo, kisha akapangusa uso kwa kile alichokuwa nacho mkononi, akagundua ni nini, akakitupa kwenye kochi.

"Mwaka juzi," alisema. "Daktari alikuambia mwaka juzi, nami nimekukaangia soseji kila asubuhi mpaka leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na chupi."

"Sikutaka uhangaike."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nikuue mwenyewe. Kesho tunaomba kibali cha kuegesha. Mbele ya kliniki kuna nafasi za wenye kibali, zimejipanga pale kama meno."

"Kibali ni cha walemavu, Lorna."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nina miguu miwili."

"Mapambo," alisema Lorna.

Ofisi ya kuwapima waombaji ilikuwa juu ya kilima, katika jengo la halmashauri. Mlangoni pake palikuwa na nafasi nne za kuegesha, pana na safi, zimechorwa alama ya kiti cha magurudumu, na zote zilikuwa tupu. Neville akaegesha chini kabisa, kando ya mto, wakapanda kwa miguu. Alisimama kwa kinyozi, akasimama benki, akasimama mbele ya duka la kamari kwa muda mrefu hivi kwamba mtu mmoja alitoka kumuuliza ni farasi yupi atashinda.

"Mmechelewa," alisema msichana wa mapokezi.

"Tumelazimika kuegesha kule chini," Lorna akamwambia, akihema.

"Lakini hapa mlangoni kuna nafasi."

"Ni za wenye kibali."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu amekuja kuomba kibali."

"Ndiyo. Kwa hiyo bado hana."

"Sasa hao wenye kibali huja hapa kufanya nini?"

Msichana akalifikiria swali lile kwa dhati. Hakuwa na ubaya.

"Hawaji," alisema. "Wanacho tayari."

Lorna aliambiwa angoje ndani, maana utaratibu ulitaka mwombaji aonwe peke yake. Wiki nzima alikuwa amemfunda mumewe kama bi harusi: usijikaze, usitabasamu, useme kweli. Lakini mtaalamu wa viungo alipotokea, binti mchangamfu aitwaye Tamsin, mgongo wa Neville ulinyooka wenyewe bila kumwomba ruhusa. Akamfungulia mlango. Akamwambia, "Tangulia wewe, mwanangu."

"Unajisikiaje leo, Bwana Ackroyd?"

"Siwezi kulalamika."

Tamsin akaandika: hana malalamiko.

Wakatoka nje, wakaanza kuzunguka uwanja wa jengo. Raundi ya kwanza haikwisha, na moto ukawaka katika misuli. Neville akatupa macho huku na huku kama mtu anayezama, akaona pikipiki nyekundu imeegemezwa ukutani. Akasimama.

"Ya nani hii? Aa, hizi siku hizi hazionekani. Unajua injini yake inavyofanya kazi?"

Tamsin hakujua. Neville akamweleza kila kitu, kuanzia mafuta yanapoingia hadi moshi unapotokea, mpaka miguu ikapoa. Wakaendelea. Akasimama tena kwenye maua ya manjano yaliyochomoza kando ya ukuta, akamweleza habari za mbolea. Mara ya tatu hapakuwa na kitu ila tangazo la siku za kuzoa takataka, na Neville akalisoma lote kwa sauti. Tamsin alicheka sana. Baadaye alimwambia mwenzake kwamba hajapata kumpima mzee mwenye furaha kama yule.

Ndani, Lorna alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Aliona kivuli cha mumewe kimeinamia pikipiki, akajua kinachoendelea, akaanza kugonga kioo kwa ngumi. Msichana wa mapokezi alimwomba kwa upole aache.

Majibu yalipochelewa Lorna alipiga simu mwenyewe, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Afisa wa upande wa pili alisoma bila kupumua.

"Mwombaji anatembea wima kwa mwendo mzuri. Husimama mara kwa mara kwa hiari yake, kutokana na kuyapenda sana mazingira."

"Kupenda nini?"

"Mazingira, mama. Hapa wametaja pikipiki, maua, na ratiba ya takataka. Ombi halikukubaliwa. Mna haki ya kukata rufaa. Naweza kuwasaidia kwa jingine?"

Lorna akakata simu, akamgeukia mumewe. "Ratiba ya takataka, Neville?"

"Ilikuwa imepangwa vizuri."

"Sindano yangu ni wiki ijayo. Nikungojee tena kwenye benchi?"

"Tutachukua teksi."

"Kwenda na kurudi, kila mwezi, kwa pensheni ipi? Au nikaiuze ile chupi?"

Sauti ya Lorna haikujua kuta. Alasiri ile jirani yao Gordon Thwaite aliegemea uzio wa bustani, akawaita Neville na Lorna kwa kidole. Gordon alikuwa mtu wa makamo, buheri wa afya, ambaye gari lake halikukosa nafasi popote mjini. Sasa walijua kwa nini. Alitoa mfukoni kadi ya buluu, kibali cha kuegesha cha walemavu.

"Ni ya Mama," alisema. "Inaishi mpaka Novemba."

"Mama yako alikufa, Gordon," Neville akamwambia. "Nililibeba jeneza."

"Alikufa yeye. Kadi haikufa. Hakuna aliyewaambia. Pauni ishirini kwa mwezi, mtaitumia siku za kliniki, siku nyingine naitumia mimi. Ujirani tu."

Lorna aliliwaza lile benchi na ile mvua. Mkono wake ulikwisha kunyooshwa juu ya uzio. Neville aliichukua kadi kabla yake, akaigeuza. Marehemu Bi Ethel Thwaite alimtabasamia kutoka kwenye picha, nywele nyeupe, miwani imekaa upande.

"Kwa hiyo marehemu ana kibali," Neville akasema polepole, "na mimi niliye hai sina."

"Mama hakuwa na maringo," alisema Gordon. "Alipoulizwa anaweza kutembea, alisema hawezi. Basi. Ni neno moja tu, mzee."

Neville alimrudishia kadi. Hakumtukana, ingawa Lorna alingoja kwa hamu amtukane. Aliingia ndani akaketi, na chai ikapoa mbele yake. Kilichomuuma ni kwamba Gordon, tapeli yule, alikuwa amesema kweli.

"Kata rufaa," alimwambia mkewe.

Mara hii mpimaji alikuwa mwingine, Bwana Sugden, mtu mzima mwenye masharubu na viatu vya mpira, aliyeonekana amekwisha kusikia kila uongo unaosemwa na miguu ya binadamu. Lorna aliruhusiwa kufuata nyuma kwa sharti asiseme kitu. Uwanja ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, kwa hiyo walitembea barabara ya nyuma, kando ya ukuta wa kiwanda cha sufu kilichofungwa zamani. Ulikuwa ukuta mrefu, mweusi kwa masizi, usio na mlango, usio na dirisha, usio hata na jani lililoota.

Neville aliutembea kwa uhodari. Kisha moto ukaja. Akasimama, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, kisha akaukabili ukuta.

"Matofali haya," alisema.

"Yamefanya nini?" aliuliza Bwana Sugden.

"Ni... mengi."

Bwana Sugden alingoja. Jasho lilimtoka Neville kwenye paji la uso, ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Bwana Ackroyd, hapo hakuna dirisha."

Neville alifungua kinywa ili aseme habari za udongo na tanuri, na habari hizo hazikuja. Nyuma yake Lorna alikuwa kimya, na kimya cha Lorna kilikuwa kitu kigeni sana kiasi kwamba alikisikia.

"Sitazami kitu," alisema. Alisema akiuelekea ukuta. "Huwa sitazami kitu. Miguu inakufa, nami nasimama kama mjinga nikingoja ifufuke. Nimenunua vitu nisivyovitaka. Watu wananiona mchafu. Maisha yangu yote ya kazi sikumwacha abiria kituoni hata mara moja, na juzi nimemwacha mke wangu kwenye mvua kwa sababu sikuweza kulifikia gari." Aliweka kiganja ukutani. "Siwezi kutembea. Haya, nimesema. Siwezi."

Bwana Sugden aliacha kuandika. Alifunika kalamu yake.

"Ahsante," alisema. "Usiharakishe. Tutangoja."

Wakangoja. Lorna alikuja akamshika mumewe mkono, na kwa kuwa alikuwa amekatazwa kusema, hakusema.

"Ila matofali ni mazuri kweli," Neville alisema mwishowe, akipenga kamasi.

"Ni mabaya sana," alisema Bwana Sugden.

Kibali kilikuja mwezi wa tano. Katika picha yake Neville alionekana mwenye afya kuliko siku zote, mashavu mekundu, kama mtu aliyetoka kucheza mpira. Siku ya sindano aliingiza gari katika nafasi iliyo penye lango la kliniki, akaiweka kadi kwenye dashibodi, akainyoosha mara mbili. Kisha akatoka, akazunguka gari kwa mwendo wa kijana, kwa sababu hatua zake za kwanza zilikuwa nzuri siku zote, akamfungulia Lorna mlango.

"Hamna haya nyinyi!"

Alikuwa mama mwembamba wa makamo, kitambaa kichwani, anavuta kitoroli cha manunuzi. Alikuwa amesimama kando ya njia, na bila shaka alikuwa ameona kila kitu.

"Nimekuona umeruka garini kama mbuzi. Hapa ni mahali pa walemavu! Ndugu yangu hana mguu mmoja, kila siku anazunguka mji mzima kutafuta pa kuegesha, kwa sababu ya watu wenye viungo kamili kama wewe. Mzee mzima, nguo safi, viatu vinang'aa..."

Hapo Lorna akatoka garini, miwani yake myeusi usoni, mguu wake ukipapasa ukingo wa njia. Yule mama akanyamaza ghafla. Uso wote ukambadilika.

"Ee, Mungu wangu. Nisamehe, baba. Kumbe ni kwa ajili ya mkeo. Nisamehe na wewe, mama. Mimi na mdomo wangu."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na haja ya neno. Neville angetikisa kichwa tu. Lorna mwenyewe aliubana mkono wake kumpa ruhusa, na alikwisha kuinua kidevu, tayari kuwa mlemavu kwa niaba ya wote wawili.

"Hapana, mama," alisema Neville. "Kibali ni changu. Huyu anatembea kama farasi."

"Kama nani?" alisema Lorna.

"Chako?" Yule mama alimpima kutoka juu hadi chini, na hasira ikaanza kurudi. "Mbona unatembea vizuri?"

"Hizo zilikuwa hatua za maringo. Siwezi kutembea. Twende pamoja kama huna haraka, utaona."

Haraka alikuwa nayo, lakini hakuwa mtu wa kuacha ugomvi katikati. Akageuza kitoroli chake. Wakapanda wote watatu njia ya mwinuko inayokwenda kwenye mlango wa kliniki, Lorna katikati, Neville akimwonyesha penye kokoto. Nusu ya njia Neville alisimama.

"Ni hapa," alisema.

"Hapa nini?"

"Ndipo inapokufa."

Yule mama aliikodolea macho miguu ile kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Haikufanya kitu. Kisha akauangalia uso wa Neville, ulivyokuwa umekunjamana na kulowa, akaacha kuitazama miguu.

"Inauma?"

"Sana."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunasimama."

Wakasimama. Muuguzi aliyesukuma kiti cha magurudumu aliwaomba nafasi, wakasogea kwa pamoja, kisha wakarudi walipokuwa. Watu waliotoka kliniki wakiwa na jicho moja limefungwa waliwazunguka. Manyunyu yakaanza. Yule mama akaguna, akachomoa mwavuli kwenye kitoroli, akaufungua juu ya Lorna, halafu, baada ya kusitasita, akausogeza umfikie na Neville, hata bega lake mwenyewe likabaki nje likilowa.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Hutegemea. Leo kuna baridi."

"Hmm." Alihamishia mwavuli mkono wa pili. "Basi niambieni, nyinyi ni watu wa mtaa gani?"

Neville, asiye na haraka yoyote, akaanza kumweleza.